Uko na Nani Hapo?

Ukitaka kujua hali ya theluji kwenye mlima mmoja wa Ufaransa ambao sijapata kuukanyaga, na wala sina nia ya kuukanyaga, niulize mie. Mwaka juzi, wiki ile ya kabla ya Pasaka, nilikuwa naijua kuliko hali ya mwili wangu mwenyewe. Nilijua ya kileleni na ya kijijini, nilijua usiku imeganda au haikuganda, nilijua upepo unatoka wapi. Nilikuwa nikiamka, kabla sijasali, Mungu anisamehe, mkono ushafika kwenye simu.

Sababu ni binti yangu. Alikuwa na miaka kumi na tano, na skuli yao ya hapa Thamesmead ilipeleka watoto milima ya Alpi wakafundishwe ski, yaani kujifunga mbao mbili miguuni na kujiachia mteremkoni kwa hiari yako. Mie nilikataa. Nilikataa jikoni, nikakataa garini, nikakataa mbele ya wageni. Baba yake ni dereva wa basi na ana subira ya kazi yake. Alinisikiliza mpaka nikachoka, kisha akasema, "Mama watoto, huyu kazaliwa hapa. Wenzake wote wanakwenda. Wewe unamuogopea theluji, mwenzio anaogopa kubaki."

Binti mwenyewe alikuwa kasimama mlangoni. Huyu Kiswahili anakisikia chote, hata tukinong'ona, lakini kujibu anajibu kwa Kiingereza. Akaniambia kwa hicho Kiingereza chake kwamba watu wanakwenda ski na wanarudi. Nikamuuliza, nani kataja kutorudi hapa? "Wewe, Mama," akasema. "Kila siku, bila ya kutaja."

Basi, akaenda. Nilimfungashia sweta tatu, soksi za sufu, shali yangu mwenyewe, na kichupa cha mafuta ya karafuu ajisugue kifua kila akilala. Siku ya kwanza akaniletea picha. Kavaa fulana ya mikono mifupi, jua linawaka mpaka limemfumbisha macho, na nyuma yake mlima mweupe pe. Hapo ndipo hofu yangu ilipopata pa kukaa. Mie nilimfungashia baridi, jua sikulifikiria kabisa. Barafu na jua mahali pamoja, nilijiambia, hiyo si barafu ya kutulia.

Kazini kwangu ni nyumba ya kulelea wazee, na simu haturuhusiwi kuishika tukiwa na wazee. Lakini tunaye bibi mmoja wa Kiingereza ambaye enzi za ujana wake alikuwa haikosi ski mwaka hadi mwaka, na mwaka huo alikuwa kitandani na nyonga yake. Siku moja nilipokuwa namvisha soksi nikamuuliza kuhusu theluji ya majira haya ya machipuko. Uso wake ulichangamka. Akanieleza kwamba usiku theluji inaganda inakuwa ngumu kama sakafu. Asubuhi jua likiipiga inalainika juu kidogo, na hapo ndipo inapokuwa tamu. Ikifika mchana ishakuwa uji, mguu unazama, mbao hazigeuki. "Mwambie binti yako ashuke kabla ya chakula cha mchana," akasema.

Nikamuuliza, na usiku isipoganda je? Akatazama dirishani kidogo. Akasema isipoganda inakuwa haijashikana na mlima. Kisha akaomba chai yake, na mie nikenda kumtilia.

Tokea siku hiyo nikawa mwanafunzi. Kituo kile cha ski kina ukurasa wake wa hali ya hewa, na kina kamera ambayo kwayo mtu yeyote duniani anaweza kuangalia mlima akiwa amekaa kwake tu. Nilikuwa naufungua kwenye basi, naufungua chooni, naufungua pilau ikiwa jikoni. Jumatatu: usiku imeganda vizuri. Nikashukuru. Jumanne: imeganda kwa juu tu. Jumatano upepo wa joto umeanza kuvuma kutoka kusini, na usiku haikuganda. Siku hiyo kwenye kamera niliuona mlima umegeuka rangi, wa manjano chafu kama ukuta wa nyumba ya zamani. Wameandika kwamba ni vumbi la jangwa la Sahara, limebebwa na upepo likamwagika juu ya theluji. Nikasema, ajabu hii, vumbi la Afrika limemfuata mtoto mpaka huko. Yule bibi kazini hakuona ajabu yoyote. Alisema theluji chafu inakamata jua zaidi na kuyeyuka upesi.

Nilimpigia mama yangu Unguja kila siku kumpa habari, na yeye kila siku akanizidishia. Theluji hajapata kuiona, lakini nilipomwambia haijashikana na mlima aliifahamu mara moja. "Sasa huyo mtoto kasimama juu ya nini?" akauliza. Akasema atakaa kwenye msala wake amsomee dua mpaka arudi, na mama akisema atakaa, anakaa.

Hapa lazima nieleze jambo moja la kwetu, ili mtu afahamu yaliyonipata siku ya Alhamisi.

Kazini tumefundishwa namna ya kupiga simu kwa jamaa wa mzee. Unasema jambo lenyewe kwanza. Mama yako ameanguka, ameumia nyonga, yuko macho, anazungumza. Halafu ndiyo maelezo. Nimefanya hivyo mara nyingi na watu hushukuru. Lakini ni kwa Kiingereza. Kwetu sisi, mtu akikwambia jambo zito namna hiyo, ataonekana hana adabu wala huruma. Habari mbaya kwetu haitupwi, inakuja inazunguka. Kwanza unaulizwa uko wapi. Halafu, uko na nani hapo? Halafu, umekula? Kisha unaambiwa fulani anaumwa kidogo. Na huyo anayeumwa kidogo, aghlabu, keshaoshwa.

Ndivyo nilivyoambiwa la baba. Nilikuwa na mwaka wa pili hapa London, peke yangu, kwenye chumba cha kupanga. Binamu yangu alinipigia kutoka nyumbani. Uko na nani hapo? Nikasema peke yangu. Umekula? Nikasema nimekula. Baba anaumwa kidogo, ukipata nafasi njoo umuangalie. Mie, na ujinga wa ujana, nikamtilia baba fulana mbili za joto kwenye begi, maana alikuwa akilalamika baridi ya alfajiri. Njia nzima ndegeni nilikuwa napanga nitakavyomcheka akizivaa. Nilipofika mtaani nikaona majamvi yametandikwa mpaka nje na watu wamekaa kimya. Alikuwa keshazikwa tangu jana yake. Baadaye nikajua kwamba mama ndiye aliyeamrisha niambiwe vile, kwa kunionea huruma. Sikumuuliza, naye hakunitajia. Lakini neno hilo la "kidogo" tokea siku hiyo haliniingii sikioni salama.

Sasa Alhamisi. Nilikuwa sina kazi siku hiyo, na ningekuwa kazini ingekuwa afadhali. Asubuhi nafungua ukurasa: usiku haikuganda, na mvua imenyesha juu ya theluji. Mvua. Njia zote za juu zimefungwa, na watu wanaonywa wasitoke nje ya njia zilizobaki, kwa kuwa theluji imelowa na inaweza kuporomoka yenyewe. Nikafungua kamera. Kamera nyeupe tupu. Ni wingu tu lililokaa mbele yake, sasa najua, lakini saa ile niliona kama mlima haupo.

Nikampigia mama nikamwambia mvua inanyesha kwenye theluji. Hilo nalo lilikuwa la kumwambia mtu wa presha? Lakini nilimwambia. Nikampigia binti, simu ikalia mpaka ikakata. Nikamwandikia. Nikasubiri. Nikampigia tena. Nikafua mapazia ambayo yalikuwa safi. Mchana nikampigia simu baba yake, akapokea akiwa kituo cha mwisho, nasikia injini inanguruma. Nikamuuliza, mtoto kakupigia? Akasema, "Umekula?"

Mume wangu tumeoana miaka ishirini. Hajapata kuniuliza kama nimekula, maana mpishi ni mie. Nikamwambia sijala, kwa nini? Akasema, "Basi kula kidogo, mie nikimaliza zamu nakuja," na akakata.

Nilikaa pale pale, kwenye ngazi.

Haikupita muda mrefu, kengele ikalia. Nafungua mlango, ni wifi yangu, dada wa mume wangu, anayekaa Ilford. Kutoka Ilford kuja kwetu si jambo la kufanya bila miadi: utapanda treni, ushuke Whitechapel, upande nyingine mpaka Abbey Wood, halafu basi, na wifi yangu na magoti yake hana safari hiyo. Mkononi kashika sufuria kubwa imefungwa kwa kitambaa. Sufuria, siku ya kazi, mchana. Na nyuma yake kasimama mtu wa pili.

Huyo mtu wa pili hakuna asiyemjua katika sisi. Ni mama mtulivu, mcha Mungu, mwenye sauti ya upole, na akifa mwanamke wetu hapa London yeye ndiye anayekwenda kumuosha. Tunampenda sana. Hakuna anayetaka kumuona mlangoni kwake.

"Karibuni," nikasema. Sijui sauti ile niliitoa wapi.

Wakaingia. Wifi akaenda jikoni na sufuria yake, nikasikia anatafuta sahani. Yule mama akanishika mkono akanikalisha kwenye kochi, akakaa karibu yangu mpaka magoti yetu yakagusana. Akaniuliza hali. Nikasema nzuri. Akaniuliza habari za kazi. Nikasema nzuri. Wifi akarudi na gilasi ya maji akaniwekea mbele, kisha akaichukua simu yangu mezani akaigeuza uso chini, taratibu, kama vile imelala na asije akaiamsha.

"Uko peke yako leo?" wifi akaniuliza.

"Unaona."

"Umekula lakini?"

Nikamwambia, "Wifi, sema."

"Kunywa maji kwanza."

Nikanywa. Wifi akamtazama mwenzake, mwenzake akamwitikia kwa kichwa, na wifi akasema kwa sauti ya chini kabisa, "Mtoto anaumwa kidogo."

Nikasema inna lillahi. Halafu nikawauliza, "Watamzika huko huko au watamleta?"

Walitazamana. Nakumbuka nyuso zao vizuri kabisa, na siku hizi nikizikumbuka nacheka, lakini saa ile nilichokiona ni watu wawili wanaotafuta la kusema. "Nani azikwe?" wifi akauliza. "Kavunjika mkono. Mkono wa kushoto. Baba yake kapigiwa simu na skuli, akaogopa kukwambia kwa simu ukiwa peke yako, akaniambia niende nikwambie polepole. Ndiyo nimekwambia polepole."

Nikamuuliza, na huyu? Nikamuonyesha yule mama kwa kidole, adabu zote zimenitoka.

"Huyu ana gari," wifi akasema. "Ulitaka nibadilishe treni Whitechapel na sufuria ya pilau?"

Ungedhani hapo nilitulia. Sikutulia hata chembe. Nawajua watu wangu. Wanaanza na mkono. Ukishazoea mkono wanakwambia na kichwa pia kiliguswa. Ukishazoea kichwa wanakwambia madaktari wamefanya kila walichoweza. Yule mama aliniapia kwa Mungu, na yeye si mtu wa kuapa ovyo, na hata hivyo nilimtazama mikono yake na nikaona mambo mengine. Nikasema sitaki maneno ya mtu yeyote. Nataka sauti ya mwanangu.

Simu yake ilikuwa bado haipokelewi. Wifi akasema labda imelowa. Nikamwambia wifi anyamaze. Tukakaa. Pilau ilikuwa inanukia nyumba nzima na harufu ile ilinizidishia, maana hiyo ni harufu ya nyumba zenye watu wengi.

Simu yangu ikalia, pale pale ilipolala. Nikaigeuza: namba ngeni, ya Ufaransa. Mkono ukakataa. Yule mama ndiye aliyebonyeza na kunisogezea sikioni.

"Mama, nimevunjika mkono," binti yangu akasema, kwa Kiingereza, bila salamu, bila ya kuniuliza niko na nani. "Wa kushoto. Wameshaufunga plasta. Niko na mwalimu, hii simu yake. Ya kwangu imeingia maji." Kisha akasema, "Mbona unalia?"

Nilikuwa sijui kama nalia. Nikamuuliza mlima umemporomokea? Akasema mlima gani, hakuwapo mlimani, njia zao zilifungwa tangu asubuhi. Kaangukia kwenye foleni ya chokoleti ya moto. Theluji ilikuwa uji, kavaa yale mabuti mazito ya ski, mguu ukazama, akalalia mkono. Kasimama kwenye foleni, jamani. Wiki nzima mie nalinda kilele na mtoto kaangukia mlango wa mkahawa.

Nilicheka kwa kelele mpaka wifi akaja kunishika mabega, akidhani sasa ndiyo akili imeruka. Nikaagana na mtoto. Nikala pilau, sahani mbili. Yule mama naye alikula vizuri, na akaniambia kwa upole wake kwamba si mara ya kwanza watu kulia wakimuona, lakini mara nyingi huwa na sababu. Nikamuomba radhi. Roho ilikuwa inarudi kidogo kidogo.

Ndipo nikamkumbuka mama. Tangu asubuhi yuko kwenye msala na mvua yangu kichwani. Wifi yangu ana ndugu Unguja, na ndugu zake wana midomo, nikaona bora habari aipate kwangu. Nikachukua simu ya wifi, maana yangu ilikuwa imebakiwa na chaji kidogo. Mama akapokea mara moja, sijui kama ilikuwa mkononi. Nikamsikia anavyopumua. Nikafikiria umri wake na presha yake, na mdomo ukafunguka wenyewe.

"Hujambo, mama," nikasema. "Uko na nani hapo?"

Nikasikia kitu kimeanguka, baadaye nikaambiwa ni tasbihi tu, lakini kwenye simu kilisikika kizito. Kisha nikasikia sauti ya mke wa kaka yangu akiita watu, na mlango, na miguu ya watu wengi.

"Mama," nikasema. "Mkono. Kavunjika mkono. Yuko macho, anazungumza." Niliyasema kama kazini, neno kwa neno, ila kwa Kiswahili, na kwa Kiswahili yalisikika ya uongo. "Wallahi mkono tu, mama. Kaanguka kidogo."

Mama akasema, taratibu, bila hasira, "Na baba yako tulikwambia anaumwa kidogo."

Miaka yote ile hatujapata kulitaja. Wifi na yule mama walikuwa wakinitazama, kijiko cha wifi kimesimama hewani. Nyuma ya mama nikasikia mtu anasema kwa sauti ya chini jamvi kubwa lipo kwa jirani, mtu akalichukue.

Nikaipiga ile namba ya Ufaransa kwa simu yangu. Mwalimu akapokea, nikamuomba mtoto, na nikamwambia binti yangu asiniulize kitu, azungumze na bibi yake, kwa Kiswahili, sasa hivi. Nikazilaza simu mbili juu ya meza, zimeelekezana, kando ya sufuria ya pilau, nikaziongeza sauti zote mbili. Binti yangu tangu aanze skuli hajapata kunijibu neno la Kiswahili. Nikadhani hana. Kisha sauti ikatoka, ndogo, imepinda, na Kiingereza kimejaa kwenye kila herufi.

"Bibi. Mimi hapa. Mimi mzima. Mkono tu."

Upande wa Unguja watu walinyamaza wote.

"Sema tena," mama akasema.

"Mimi mzima, Bibi."

"Sema tena."

Akasema tena.